Picha ya Mkunga

Miaka kumi na mmoja napiga pasipoti saizi
Mtongani, nyuma ya duka la nondo.
Masikio yaonekane, shangazi. Usicheke. Tazama hapa.
Pazia la bluu limechakaa upande wa kushoto,
ndiyo maana wateja nawakalisha kulia kidogo.

Leo pazia ni bahari yote ya Sinda
na mteja hataki kukaa.

Asubuhi, Kigamboni, Kondo alinifunga mkanda wa risasi kiunoni,
akanipa sheria moja: usibane pumzi.
Ukiogopa, pumua. Ukifurahi, pumua.
Hata ukikutana na shetani, vuta, toa, vuta, toa.
Nikacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.
Maneno hayo nimekua nayo.
Mama yangu alikuwa mkunga Temeke,
aliyasema hata usingizini.

Mita sita. Nabana pua, najipuliza masikio.
Mita kumi. Vitatange wawili wanapita
kama maharusi wanaomkimbia mpiga picha asiyealikwa.
Nikapiga, nikapata mkia.
Nikapiga tena, nikapata maji.
Nikamwonyesha Kondo dole gumba, yaani safi, kaka, mambo moto,
naye akanidaka mkono akaanza kunipandisha,
kwani huku chini dole maana yake twende zetu juu.
Dakika nne zikaishia katika kukodoleana macho.

Hakuna aliyenionya kuhusu wekundu.
Mita kumi na tano jiwe likanikwaruza kidole,
damu ikatoka kijani,
kijani kabisa, kama maji ya mlenda.
Rangi nyekundu haina nauli ya kufika huku.
Nilijitazama kidole muda mrefu
kama mtu aliyepewa cheti chenye jina la mwingine.

Na kile wanachokiita kimya si kimya.
Juu meli ya makontena inangoja zamu ya bandari,
mashine yake inanguruma ndani ya mbavu zangu,
na matumbawe yanatatarika
kama kitunguu kwenye mafuta.

Kisha, ghafla, uwanja mtupu.
Vifusi vyeupe, upana wa chumba na sebule.
Kondo akakunja ngumi, akaikunjua kwa nguvu:
baruti.
Hakuongeza ishara.

Nilitaka kupita. Nani apige picha ya kifusi?
Lakini pembeni, shimoni, kichwa.
Madoa ya manjano, jicho dogo kama ushanga,
mdomo ukifunguka, ukifumba, ukifunguka.
Nilimjua tangu utotoni, pale Feri,
kalala mezani, bei yake imeandikwa kwa chaki.
Mkunga.
Sikuwahi kumwona akiwa kazini.

Vuta, toa. Vuta, toa.
Masikio hana, basi hilo nikamsamehe.
Hakucheka. Alitazama hapa.
Na nilipobonyeza, taa ikapasua ule ubluu,
na katikati ya meno yake
kamba mdogo, mwembamba kama kijiti,
akawaka mwekundu
mwekundu
kwa muda wa kope moja,
halafu kila kitu kikarudi kuwa kijivu.
Kondo akanigonga bega: hewa imebaki robo.

Jioni nilimpelekea mama picha, nimeisafisha kwa karatasi nzuri,
ile ninayowawekea watu wa harusi.
Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi.
"Anagomba?"
"Hapana, mama. Anapumua."
"Mh." Akaisogeza mbali, akaileta karibu.
"Na huyu mwekundu hapa mdomoni,
anaingia au anatoka?"

Sikujua. Nilibonyeza mara moja tu.

"Mimi nisingeondoka kabla ya kujua," akasema,
akaiegemeza kwenye chupa ya chai,
akaendelea kuchambua mchele.